Mpole, mtundu au Asperger? Ulinganisho wa watoto watatu wa nyumba moja, na we uanzie wapi

Kwangu wanakaa watoto watatu na wote watatu washawahi kusemwa "huyu mtoto mbona hayuko kama wenzake". Wa kwanza binti yangu, mkimya, mgeni akibisha hodi yeye keshapotelea chumbani. Wa pili kijana wangu, mtaani wanamwita Profesa. Wa tatu mtoto wa dada yangu, anakaa na sisi tangu mama yake ahamishiwe Mwanza kikazi, tunamwita Kimbunga na jina linajieleza lenyewe. Miaka ya mwanzo niliwaweka wote kapu moja, mara nasema malezi, mara nasema simu, mara nasema damu ya upande wa baba (mume wangu anisamehe hapo). Kumbe mmoja ni mpole tu, mmoja ana ile hali iliyokuwa inaitwa Asperger, mmoja ana ADHD (umakini haukai na mwili hautulii), na nilichelewa kujua kwa sababu nilikuwa nahesabu vitendo. Hachezi na wenzake, tiki. Haangalii watu usoni, tiki. Vitendo vinafanana sana hawa watoto. Kinachowatofautisha ni kwa nini anafanya, alafu anakuwaje akishazoea.

Basi nawapanga hapa ubavu kwa ubavu, we mwangalie wa kwako yuko upande gani, mwisho nasema uanzie wapi maana milango iko mingi na mingine inakula hela bure.

Jina kwanza, haraka haraka

Asperger ni jina la daktari wa watoto wa Vienna, Hans Asperger, mwaka 1944 aliandika habari za wavulana wanne wanaoongea vizuri tu, tena kama watu wazima, ila wakikutana na watoto wenzao hawaelewani kabisa. Akawaita maprofesa wadogo. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni maana bodaboda wa kijiweni kwetu hawajawahi kumsikia huyo mzee na jina wametoa lile lile. Likaja kusambaa 1981 kupitia daktari wa Uingereza, Lorna Wing, likaingia kwenye vitabu vya madaktari miaka ya 90, alafu 2013 mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, ukaliondoa, na Shirika la Afya Duniani nalo likaliacha kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa, iliyoanza kutumika 2022. Siku hizi wote wanaingia kwenye usonji (autism), na hawa wanaoongea vizuri wanahesabiwa kama wenye uhitaji mdogo wa msaada. Kwa hiyo ukienda hospitali ukaandikiwa usonji usizimie, hajabadilishiwa mtoto. Kuna wengine hawataki hata kulisikia jina la Asperger kwa sababu 2018 mwanahistoria Herwig Czech alitoa nyaraka zinazoonyesha huyo daktari alishirikiana na utawala wa Wanazi na kupeleka watoto Am Spiegelgrund, kliniki ambako watoto wenye ulemavu waliuawa. Nawaelewa. Mi nalitumia hapa kwa sababu ndo jina wazazi wengi wanalolijua.

Mgeni akiingia sebuleni

Binti yangu anatoa shikamoo kwa sauti ya kunong'ona, macho chini, huyoo anakimbia. Ila anachungulia mlangoni. Anataka kuja, anaogopa. Ikipita nusu saa anakuja kukaa kwenye mkono wa kochi, siku ya pili anamletea mgeni daftari la michoro, siku ya tatu mgeni anaomba apumzike. Huyu anajua kabisa mambo yanavyotakiwa kwenda, uoga ndo unamshika miguu.

Kimbunga anatoa shikamoo akiwa hewani, mgeni hajamaliza kusema marahaba keshaulizwa amebeba nini, funguo zake za gari zishachukuliwa, glasi ishaanguka, na ukimkazia jicho anajua kosa lake na anasema samahani ya kweli kabisa, dakika mbili mbele anarudia. Naye anajua yanavyotakiwa kwenda. Breki ndo hazishiki.

Profesa sasa. Alikuwa na miaka 6, shangazi yangu alikuja kutupa pole ya msiba, mama anafuta machozi na kanga. Kijana akamfuata mpaka alipokaa, akasimama karibu mno, pua kwa pua, akamwambia, "Reli ya TAZARA upana wake milimita 1,067, reli ya kati 1,000, SGR 1,435. Bibi umekuja na ipi?" Shangazi analia, yeye anasubiri jibu. Alipoambiwa nimekuja na basi mwanangu, akageuka akaondoka zake. Hakuwa na uoga hata chembe na wala haukuwa utundu. Hakuona kwamba machozi yanabadilisha maongezi.

Na hiyo shikamoo yenyewe ingenifumbua macho mapema kama ningekuwa na akili. Tulimwambia shikamoo anapewa mkubwa, basi akawa anamuuliza kila mtu kwanza "una miaka mingapi?" ndo aamue, na mtoto wa jirani aliyemzidi miezi minne akawa anapewa shikamoo kila asubuhi. Watoto wengine wanaishika hii kwa kuona tu, hakuna mzazi anayekaa kufafanua nani anapewa shikamoo na nani anapewa mambo. Wa kwangu alihitaji sheria, na akishapewa sheria haivunji hata ikimchekesha kila mtu.

Ndo maana nasema angalia akishazoea. Mpole akizoea anafunguka na huoni tena tofauti. Wa Asperger akizoea ndo tofauti inaonekana zaidi, kwa sababu sasa yuko huru na anakupa reli asubuhi mchana jioni. Wa ADHD hazoei wala haachi kuzoea, yuko vile vile kwa bibi, shuleni na msikitini.

Hili la macho naomba tulitenge

Vitabu vingi vya nje dalili ya kwanza wanaandika mtoto haangalii watu usoni. Sasa kwetu mtoto akimkazia macho mkubwa anaambiwa hana adabu. Ukitumia dalili hiyo peke yake nusu ya Tanzania tuna usonji. Mi napendekeza uangalie vitu viwili vingine. Cha kwanza, akiwa na wenzake wa rika lake, kwenye mpira au kwenye rede, macho yanaenda kwao au hapana? Binti yangu kwa wakubwa macho chini, kwa rafiki zake wanaongea kwa macho tu bila hata neno. Cha pili, akiwa mdogo alikuwa anakuonyesha vitu? Simaanishi kuomba, namaanisha kuonyesha tu ili nawe ufurahi, ananyoosha kidole kwa ndege juu alafu anakugeukia aone kama nawe umeiona. Hicho kidole watoto wengi wanakuwa nacho wakifika mwaka na nusu. Profesa alikuwa anavuta mkono wangu kama koleo, anaupeleka kwenye kikombe anachotaka, uso wangu haumhusu.

Maongezi

Hapa ndo wazazi tunapigwa chenga. Watu wengi tukisikia usonji tunafikiria mtoto asiyeongea. Sasa kwa vigezo vya zamani vya Asperger ilikuwa mtoto awe hajachelewa kuongea, maneno ya kwanza kabla ya miaka 2 na sentensi fupi kufikia 3, kwa hiyo mzazi anajisifu kabisa kwamba mtoto wake ana akili. Na anayo. Ila sikiliza anavyoongea.

Wa kwangu aliongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Miaka 5 anasema "mama, ningependa kufahamu ni kwa nini chakula kimechelewa" wakati wenzake wanasema "mama njaa". Sauti ya mstari mmoja, haipandi haishuki. Akianza mada ya treni hamalizi, na ukipiga miayo, ukiangalia saa, ukisimama ukaenda chooni, anakufuata mpaka mlangoni. Kimbunga naye anaongea bila kituo lakini sikiliza vizuri, ndani ya dakika tano keshapita mpira, mbwa, keki, kesho, na kwa nini fulani ana kipara. Anaruka. Profesa haruki, anachimba kisima kimoja. Binti anaongea kidogo ila anaulizana, na "we je?" anaisema, na hiyo "we je?" jamani mi nimeifanya kipimo changu cha nyumbani kuliko vyote.

Alafu kuna kuchukua maneno yalivyo. Siku moja nikamwambia Profesa angalia maziwa jikoni yasije yakamwagika, nikaenda kuanua nguo. Narudi maziwa yote kwenye jiko, kijana kasimama pembeni mikono nyuma, "nimeyaangalia mama, yamemwagika saa mbili na dakika kumi." Nilimchapa. Nayaandika haya kwa aibu, nilimchapa kwa kudhani ananidhihaki, na yeye hakuelewa kosa lake mpaka leo kwa sababu kosa hakuwa nalo, niliyeharibu ni mimi na Kiswahili changu cha nusu nusu. Kimbunga angeyasahau maziwa akaenda kufukuza kuku. Binti angenikimbilia. Maziwa yale yale, sababu tatu.

Mafumbo, utani wa watani, kejeli, "nitakuonyesha cha mtema kuni", yote haya mtoto mdogo yeyote anaweza asiyaelewe. Shaka inaanza akifika miaka 8 au 9 wenzake wanacheka na yeye anauliza huyo mtema kuni anakaa wapi.

Hasira na kelele

Kudeka na kulipuka havifanani ingawa mara zote mbili mtoto yuko chini anapiga miguu. Anayedeka anakuangalia kwa kona ya jicho, ukiondoka na kilio kinahama, ukimpa pipi kinakatika kama umezima redio. Anayelipuka kwa kuzidiwa hana mtazamaji. Ukimpa anachotaka bado analia, ukimshika anazidi, kinaisha chenyewe na baadaye amechoka kama mgonjwa wa malaria. Kwetu kilichokuwa kinamlipua ni mashine ya kusaga, lebo ya shingoni ya yunifomu, na mchuzi wa maharage ukigusa wali kabla hajauruhusu. Na kubadilisha njia. Tukitoka Mbagala kwa daladala iliyopita barabara tofauti na ya jana, safari nzima ni vita.

Mpole hana haya. Wa ADHD hasira anazo, tena za haraka, ila zinatoka kwa kuzuiliwa au kusubirishwa foleni, na dakika tano mbele keshasahau kama aligombana.

Niseme kitu hapa kuhusu mikono na miguu: wengi wa hawa watoto wa Asperger ni wazito kidogo wa viungo, vifungo vya shati, kamba za viatu, baiskeli, mwandiko. Wa kwangu alifunga kamba za viatu mwenyewe akiwa darasa la tano. Hiyo sio dalili ya lazima, ila ikikaa pamoja na zile zingine inaongeza uzito.

Akiwa mdogo sana

Chini ya miaka 3 sitaki kukudanganya, Asperger ni ngumu kuitenganisha mapema hivyo hata kwa wataalamu, wengi wanakuja kujulikana wakishaanza shule. Vitu vya kuangalia ni vya jumla: akifika miezi 9 anageuka ukimwita jina, mwaka mmoja anapunga mkono wa bai au ishara nyingine, mwaka na nusu kile kidole cha kuonyesha, miaka 2 anashtuka mwenzake akilia, miaka 3 anawasogelea wenzake wanaocheza, miaka 4 anacheza mchezo wa kuigiza, mama na baba, duka la kopo na majani. Kimoja kukosekana sio kesi. Ila kama alikuwa na maneno alafu yakapotea, hapo usisome tena ulinganisho wa mtu, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo.

Na kama mtoto "anapotea" kwa sekunde chache, macho yamekaza, humsikilizishi, alafu anaendelea kama hakuna kitu, hilo ni swali la kifafa kile cha kimya kimya, ni jambo lingine kabisa na lina dawa.

Kijana wa sekondari, hapa wanachanganyika

Ukimwona mtoto wa miaka 14 anakaa peke yake, haongei, hataki shule, huwezi kumtambua kwa kumwangalia. Nimeligundua hili kwa mtoto wa kaka yangu, msichana, yuko kidato cha pili bweni. Mpole wa kuzaliwa yuko hivo. Wa Asperger ambaye amechekwa miaka minane mfululizo naye anakuwa hivo, sasa uoga anao wa kweli kabisa, ameuokota njiani. Kwa hiyo swali la maana sio yukoje leo. Ni alikuwaje akiwa na miaka minne kabla hajajua kama anachekwa. Ndo maana daktari mzuri atakukalisha akuulize ya zamani mpaka uchoke, na ndo maana bibi aliyemlea ni shahidi kuliko mwalimu wa mwaka huu.

Wasichana wanapita chujio kirahisi. Huyu wa kaka hakuwa na treni. Alikuwa na wanyama na waigizaji wa tamthilia, vitu ambavyo kila msichana anavyo, tofauti ilikuwa kiasi, anajua tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja na akikatizwa analia. Shuleni alichagua rafiki mmoja akamnakili kila kitu, kicheko, mwandiko, namna ya kufunga sweta kiunoni. Walimu wanamsifu kwa nidhamu. Likizo akifika nyumbani analala siku mbili, haongei, na wifi yangu anasema "amekuwa na dharau". Uchovu wa kuigiza huo jamani. Mpole akirudi nyumbani anapumua na kuanza stori zote alizozibana shuleni, huyu akirudi anazimika.

Hesabu za zamani za wenye usonji zilisema wavulana wanne kwa msichana mmoja, uchambuzi wa 2017 ukashusha ikawa karibu watatu kwa mmoja, na sehemu ya tofauti ni kwamba wasichana hawaonekani, wanakuja kujulikana wamechelewa au baada ya kuanguka na msongo wa mawazo. Na hapo sifanyi mzaha: kijana yeyote akisema anataka kufa au anajikata, mambo ya kutafuta kama ni Asperger au nini weka pembeni, mpeleke hospitali siku hiyo.

Na wanaweza kuwa wawili ndani ya mmoja

Mpaka 2013 ule mwongozo wa Marekani ulikuwa haumruhusu daktari kuandika usonji na ADHD kwa mtoto mmoja, DSM-5 ndo ikafungua. Kwa hiyo ukimwona wa kwako kwenye pande zote mbili huna haja ya kulazimisha. Ila kujua ni ipi ina faida ya mfukoni kabisa: ADHD ina dawa zinazosaidia umakini, daktari anaweza kukuandikia. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa, unachofanya ni kumfundisha mtoto, kufundisha nyumba na kufundisha shule, na kutibu vinavyoambatana kama wasiwasi na kukosa usingizi. Anayekuuzia unga, lishe maalum au maombi ya laki tatu ya kuutoa, mwambie marahaba na ufunge geti. Na chanjo haisababishi usonji, ile makala ya 1998 iliyoanzisha maneno hayo jarida lenyewe la Lancet liliifuta 2010.

Sasa uchague mlango gani

Nilipita karibu yote kwa hiyo nawapa na hukumu yangu.

Kusubiri. "Atakua tu" niliambiwa kliniki moja, tena na mtu mwenye koti jeupe, Profesa akiwa na miaka 4. Kwa mpole kusubiri kuna mantiki, mpe miezi sita kwenye mazingira yale yale, kama ni upole utaona unayeyuka taratibu. Kwa wa Asperger miezi sita haibadilishi kitu, na hilo lenyewe ni jibu. Zaidi ya hapo usisubiri. Sisi tulisubiri miaka saba na katikati kuna shule ya kulipia ilituita ikatuomba kwa upole tumtafutie "mazingira mengine".

Maswali ya mtandaoni. Ni bure na yanasaidia kupanga mawazo, ila chagua la umri wake. M-CHAT-R ni ya miezi 16 hadi 30, maswali 20, alama 0 mpaka 2 hatari ni ndogo, 3 mpaka 7 unaulizwa zaidi, 8 kwenda juu unaenda kwa mtaalamu moja kwa moja. Tatizo lake mtoto wa Asperger anayeongea anaweza kupita hapo akiwa safi. Kwa miaka 4 hadi 11 kuna CAST, yenyewe mwanzoni ilitengenezwa kwa ajili ya Asperger hasa, alama 15 na kuendelea ni ya kufuatiliwa. Kwa miaka 12 hadi 15 kuna AQ-10, maswali kumi, kuanzia alama 6 ni ya kufuatiliwa. Na yote haya ni chujio tu, hayasemi mtoto ana nini, na mengi yameandikwa kwa kuangalia watoto wa Uingereza na Marekani kwa hiyo lile la macho lijibu kwa akili.

Mwalimu. Mi namweka juu kuliko wengi wanavyomweka, maana anaona watoto hamsini wa umri mmoja kwa pamoja, we unaona watatu. Ila usimuulize "mwanangu ana tatizo?" atakwambia hana, anakuheshimu. Muulize mapumziko anakaa na nani. Muulize wakipangwa makundi nani anamchagua. Kwa ADHD mwalimu ndo shahidi wa lazima kabisa, kwa sababu daktari anataka dalili zionekane sehemu mbili au zaidi, sio nyumbani peke yake, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12 na zimedumu miezi sita.

Masikio. Watu wanaruka hapa. Asiyesikia vizuri anaonekana kama asiyejali, haitiki jina, anaongea sauti ya mstari. Kipimo cha masikio kifanyike kabla ya mambo mengine yote, ulizia hospitali ya mkoa wako, na hakiumi.

Kliniki ya afya ya akili ya watoto. Hapa ndo jibu linapotoka, na neno "akili" ndo linalokimbiza watu, mume wangu alikataa miezi minne kwa sababu ya neno hilo tu. Kwa Dar ni Muhimbili, unaanzia zahanati au hospitali ya wilaya upate barua ya rufaa, ukiruka hiyo hatua unaweza kurudishwa na nauli umekula. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha Asperger, kwa hiyo mtu akikuagiza MRI ya kutafuta usonji peke yake muulize anatafuta nini hasa. Kinachofanyika ni maongezi marefu na wewe na kumwangalia mtoto akicheza na kuongea, na sio mara moja. Kwa watu wa kaskazini, hospitali ya KCMC pale Moshi ndo wanakofundishwa wataalamu wa okupesheno therapia, hao wa kusaidia mikono, lebo za nguo, kelele na ratiba ya siku, na kwetu mtu wa hiyo kazi ndo aliyeleta mabadiliko ya kushikika kuliko yeyote, kwa kutushauri tu tumwambie mtoto kesho itakuwaje kabla haijafika.

Ningeanza upya leo: chini ya miaka 3, masikio mwezi huo huo, na M-CHAT-R kama umri wake umo. Miaka 4 mpaka 10, mwalimu kwanza alafu rufaa, CAST unaijaza njiani ukiwa kwenye daladala. Sekondari, usimjadili kijana nyuma ya mgongo wake, mshirikishe, anajua kuliko nyie, alafu rufaa moja kwa moja bila kupita kwa mjomba anayejua kila kitu. Na ukihisi ni mpole tu, basi mpunguzie wageni na umpe muda, usimburute sebuleni aimbe.

Kitu kimoja cha kubeba popote utakapoenda, daftari. Wiki mbili tu: tarehe, saa, nini kilitangulia, alifanya nini, kiliishaje. Usiandike "mkorofi" wala "mpole", andika kilichotokea. Daktari wetu alilisoma lile daftari kwa dakika kumi akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza miaka saba.

Profesa sasa ana miaka 13. Wiki iliyopita amelikuta kwenye droo, akalisoma lote mwanzo mwisho akiwa amesimama, alafu akaniletea kalamu. Kuna sehemu mbili nilikosea saa.